Watoto Wawili wa Baba Tausi

Shemeji yangu Akida hakuwa mtu wa kukaa kitako, na hilo nililijua tangu alipokuja kumposa dada yangu. Lakini kiangazi kile alizidi. Ataamka, ataswali, na uji haujapoa ameshakwenda bandani kuifungua motakaa boneti. Anachungulia ndani, anafunga. Anachukua kitambaa anazifuta taa za shaba alizozifuta jana yake. Halafu anavuka njia kuja barazani kwangu, anakaa, na kahawa haijamfika mkononi ameshanyanyuka.

"Shemeji, una upupu?" nilimwuliza siku moja.

"Nina shughuli, Mama Sabiti."

"Shughuli gani hiyo ya kuzunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Zamani angenijibu. Mimi na yeye tulikuwa watu wa kutaniana, na mara nyingi alinishinda, kwa sababu alitembea na kusikia mengi. Siku ile alinitazama tu. Tena hakunitazama mimi hasa, alitazama pembeni yangu kidogo, kana kwamba nilikuwa nimekaa na mwenzangu. Akaondoka, na kahawa nikainywa mwenyewe.

Mimi nina ulimi, na mume wangu, mtu wa reli pale stesheni ya Shinyanga, alikuwa akisema treni hupunguza mwendo ikinisikia. Lakini wakati ule niliosha vikombe vyangu tu. Nilijua kuna jambo, na sikulijua ni lipi, na hakuna kinachoniudhi kama hicho.

Motakaa yenyewe Akida aliipata kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa akimwendesha. Bei ya pamba ilipoanguka, Mgiriki akafunga ghala, akapanda treni na masanduku yake, na motakaa akamwachia dereva wake kwa bei ya kuagana. Ilikuwa kuukuu hata siku ile. Paa la turubai, magurudumu yenye njiti za mbao, honi ya mpira ya kuminya, na injini ya kuwashwa kwa hendeli ambayo usipoijulia inakuvunja mkono. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokolea, na shaba kila mahali. Ilipoingia uani dada yangu Mwahija alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaiangalia mbele na nyuma, akasema, "Huyu ni tausi." Mimi sijapata kumwona tausi mpaka leo, na dada pia hakupata kumwona. Tulihadithiwa tu na baba yetu, aliyezaliwa Pangani na kuzikwa huku bara.

Sasa inafaa niseme habari ya jina hilo, maana bila hilo hutaelewa kwa nini gari la chuma lilitaka kuvunja nyumba.

Dada yangu hakuzaa. Katika mji wetu mwanamke akishapata mtoto, jina lake la kuzaliwa huwekwa kando, hakuna anayelitumia ila wazazi wake na wagomvi wake. Mimi ni Mama Sabiti, na zamani nilikuwa Mwaisha. Dada, mkubwa wangu kwa miaka mingi, aliitwa Mwahija kisimani hata na wasichana aliowabeba mgongoni. Hakulalamika. Alibadilisha tu saa ya kwenda kuteka maji, akawa anakwenda jua kali, wakati wenzake wamepumzika. Akida angeweza kuoa mke wa pili, dini inamruhusu na ndugu zake walimsukuma, na kila walipomsukuma alipakia abiria akaenda zake safari.

Aliyeanza kumwita dada Mama Tausi alianza kwa kejeli. Namjua, na simtaji kwa kuwa ametangulia mbele ya haki. Alipaza sauti kisimani, "Mama Tausi, mwanao anakula mafuta ya taa au anakula petroli?" Wenzake wakacheka. Dada akageuka, akaitika, "Abee!" Aliitika kwa adabu zote, kama anayeitwa na mkwewe. Kejeli ikakosa pa kushika. Mwaka haukuisha mji mzima ulikuwa ukiwaita hivyo, Baba Tausi na Mama Tausi, hata Wasukuma wanaoleta ng'ombe mnadani, hata karani wa bomani. Dada akarudi kuteka maji asubuhi pamoja na watu.

Na Tausi alifanya kazi ya mtoto, kwa kweli. Aliwalisha. Alipeleka maharusi kwao na wagonjwa hospitali, na dhahabu ya Geita ilipoanza kuwatoa watu majumbani, aliwapeleka wachimbaji magharibi kwa njia ya Kahama, Bugarama, Masumbwe, na mbele huko. Akida alikuwa akirudi mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Dada alimwosha yeye, yeye akaiosha motakaa, ndipo wote wakala.

Kiangazi kile, basi, ndipo alipokuja Stanslaus. Huyu alikuwa Mzinza wa Buseresere, kijana mwenye viatu na adabu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji unga, chumvi na mafuta. Alitaka motakaa ya kubebea bidhaa zake, na mpya asingeiweza. Aliiona Tausi stesheni akaipenda. Nilimwona mwenyewe akipitisha kiganja kwenye boneti kama mtu anayempapasa ndama. Alidhani Akida atamfukuza, kama alivyowafukuza wengi kabla yake.

Akida akasema, "Njoo tuzungumze."

Mji ulishangaa. Dada alishangaa kuliko mji. Alipomwuliza mumewe sababu, mumewe akasema, "Imechoka." Imechoka nini? Wiki ile ile ilikuwa imetoka Masumbwe na magunia na watu juu ya magunia. Kesho yake akamwambia Stanslaus asije tena. Kesho kutwa akampelekea salamu aje. Aliuza na kughairi, akaghairi na kuuza, mpaka Stanslaus akapanga chumba karibu na stesheni na kusema atasubiri mpaka Ijumaa baada ya swala, na baada ya hapo anakwenda zake Mwanza kutafuta gari jingine.

Siku zile nyumba ile haikukalika. Akida anazunguka bandani, dada anafagia ua uliokwisha fagiwa. Mimi ng'ambo ya njia nilikuwa nikipepeta mchele uleule mpaka kuku wakanichoka. Jumatano dada alikuja kwangu, akasimama mlangoni na ufagio.

"Mwaisha, akiiuza, mimi nitaitwa nani?"

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akasema, "Kama ana shida angeniambia. Mimi si mtoto. Kama ni njaa tutashinda njaa. Lakini ananinyamazia, na mtu anayekunyamazia ana kitu." Akarudi kufagia.

Nilitaka kuvuka njia nimwambie Akida mficha uchi hazai. Nikaukumbuka msemo unavyomalizika, nikaumeza.

Alhamisi Akida aliwahi stesheni na motakaa kupokea mizigo ya mtu, na ndipo Mabula akatokea. Mabula alikuwa mfugaji wa upande wa Tinde, mtu mrefu, mpole, asiyesahau wema. Miaka miwili nyuma mkewe Mbuke alishindwa kujifungua, na Akida akamkuta njiani amebebwa kitandani na wanaume, akamtia ndani ya Tausi akamfikisha hospitali. Mama na mtoto walipona. Tangu hapo Mabula hakuja mjini bila kuleta kitu. Kiswahili chake alikiokota mnadani, na kilimtosha kwa ng'ombe.

Safari hii alikuwa na vibuyu viwili vya maziwa na mbuzi jike mweupe. Dada alikuwa jikoni, mimi nilikuwa naye.

"Mwangaluka, mama! Mwangaluka!" Alikuwa amejaa furaha mpaka meno ya mwisho. "Nimekuja kuwaona."

"Kuwaona kina nani, baba?"

"Mabasa! Pacha! Nimesikia mzee amepata watoto wawili."

Dada alikuwa na sufuria mkononi. Aliiweka chini taratibu sana.

"Nani kakwambia?"

"Yaya, mama, hapana, sikuambiwa. Nilisikia na masikio yangu haya. Nilimpeleka mwanangu zahanati ya kule njiani, tumbo lilimsumbua. Nikamkuta mzee benchini, akaniambia nisiseme kama nimemwona. Nikasema anaogopa watu wabaya, mabasa wakiwa wachanga huwa tunaogopa. Basi akaitwa ndani, na mlango ule ni wa mabua, mimi nikasikia. Dakitali akasema, mzee, una watoto wawili. Mmoja upande huu, mmoja upande ule. Akasema wadogo bado, hawajakomaa." Akatazama huku na huku uani. "Nikajua mama amelala katikati, mmoja huku na mmoja huku. Wako wapi? Kila mmoja nimemletea kibuyu chake."

Nilimwona dada yangu akizeeka. Sisemi kwa kupamba. Uso wake ulilegea mbele yangu, na mkono ukatafuta ukuta. Mmoja upande huu, mmoja upande ule! Akida alikuwa na njia mbili za safari huko magharibi. Masumbwe ni upande huu, na Buseresere ni upande ule.

"Hawapo," dada akamwambia Mabula. "Mzee hayupo pia. Njoo kesho umsalimie mwenyewe."

Mabula akasema atalala kwa jamaa zake, kesho ana mnada, atapita. Akafunga mbuzi kwenye nguzo ya banda la motakaa, akaaga kwa shukrani nyingi, akaondoka bila kujua moto aliouacha.

Sasa kila kitu kilijipanga kichwani mwangu, na kilijipanga vizuri mno. Kumbe ndiyo maana hatulii! Ndiyo maana hatutazami usoni! Anauza motakaa akajenge nyumba mbili huko mashimoni, na dada yangu abaki hapa na banda tupu. Niliyasema yote hayo kwa sauti. Nilimtukana Akida na ukoo wake, wa pwani na wa bara. Dada alirudi jikoni. Alimpikia mumewe, akamwekea chakula chini ya kawa, akaja kulala kwangu. Asubuhi aliamka, akaoga, akavaa kanga zake za sikukuu.

Stanslaus alifika Ijumaa baada ya swala, na mfuko wa turubai kifuani ameukumbatia. Akida alikuja naye kutoka msikitini, kanzu nyeupe, hatua fupifupi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ua, nimekunja mikono, nimejiandaa. Lakini hapakuwa na haja yangu. Dada alikuwa ndani ya motakaa, kwenye kiti cha dereva, ameushika usukani kwa mikono miwili.

Akida alikaribia kabisa kabla ya kumwona. Na hilo pia nililichukulia kuwa ni dharau.

"Mama Tausi, shuka. Mgeni amefika."

"Sishuki."

"Shuka, tusiaibishane mbele za watu."

"Aibu umeileta wewe. Watoto wako wanaitwa nani?"

"Watoto gani?"

"Wawili. Mmoja upande huu, mmoja upande ule. Hawajakomaa. Umeambiwa zahanati, watu wamesikia, wameniletea maziwa." Sauti yake haikupanda, na mimi ningependa ipande. "Miaka yote hii ningekuoza mke mwenyewe kama ungeniambia unataka mtoto. Ningempikia uji wa uzazi kwa mikono yangu. Leo unauza mwanangu ulee wanao. Basi Tausi haendi. Kama anakwenda, anakwenda na mimi ndani."

Nilikuwa nikimtazama Akida. Kwanza hakuelewa. Halafu aliposikia zahanati, akaelewa, niliona kabisa ameelewa kitu. Akafungua mdomo. Nikangoja akane, nimsute. Akaufunga. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Mama Tausi."

Mtu asiye na kosa anaomba radhi? Dada alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata kwenye msiba wa mama yetu. Mimi nilianza kutafuta kitu cha kurusha. Stanslaus, maskini, alirudi nyuma mpaka kwenye uzio, akasema kama kuna kilio ndani ya gari basi yeye anaweza kurudi siku nyingine.

Na hapo hapo, kama mtu aliyekodiwa, Mabula akaingia uani na fimbo yake ya mnadani.

"Baba wa mabasa!" akaita kwa mbali. "Wabeja, wabeja! Asante Mungu, amekukumbuka!"

Nilimdaka kabla hajafika. "Mabula! Wewe uliyesikia yote. Hao watoto mama yao ni nani? Sema hapa, asikie."

"Mama yao?" Akamtazama dada ndani ya motakaa, akanitazama mimi, akaona nyuso zetu, na furaha ikamtoka. "Si ni mama huyu?"

"Si huyu. Dakitari alisema watoto wa nani?"

"Alitaja jina," Mabula akasema polepole. Alikuwa anaogopa sasa. "Mimi nilidhani ndilo jina la mama mwenyewe, jina lake la kwao. Alisema ni watoto wa Jicho."

Wote tukamgeukia. Hata mbuzi aliinua kichwa.

"Wa nani?" nikauliza.

"Wa Jicho. Mtoto wa Jicho. Alisema mara nyingi, mzee una mtoto wa Jicho."

"Mabula. Jicho humjui?"

"Yaya, mama. Sijawahi kumwona."

Nikanyanyua kidole, nikakigusa chini ya jicho langu la kulia. "Hili hapa."

"Aa," akasema Mabula, "hayo si macho?"

"Yakiwa mawili ni macho. Moja ni jicho."

"Kumbe!" Maskini ya Mungu, miaka yote mnadani hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa jicho moja. Alivua kofia yake akaishika mbele kwa mikono yote miwili, akawa hajui aitazame ardhi au atutazame sisi. Nikamwonea huruma, na nikajionea huruma mimi na matusi yangu yote ya jana, yaliyokwenda kwa mtu asiyestahili. Kumbe Mungu alimnyima Akida mtoto wa kubeba mgongoni akampa wawili wa jicho, na yeye akawaficha kama watoto wa haramu.

Dada alikuwa bado ameshika usukani.

"Baba Tausi. Nitazame."

Akida akanyanyua uso. Akatazama pembeni yake kidogo.

"Niko huku," dada akasema.

Akida akasahihisha. Mimi nikageuka nikatazama uzio.

"Ulikubali nikuite mzinzi," dada akasema.

"Mzinzi anaweza kuendesha motakaa," Akida akasema. "Kipofu hawezi."

Hasira yangu ikarudi, nakwambia kweli, kwa njia nyingine. Wanaume! Yuko tayari mke wake alie, nyumba yake ivunjike, jina lake lichafuke kutoka Tinde mpaka ziwani, ili mradi pasiwe na mtu atakayesema Akida haoni! Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kumwambia, lakini yeye akaanza kusema, na akiisha kuanza hakuweza kuacha. Maneno yalimtoka haraka haraka, bila mpangilio.

Alisema yalianza kama ukungu, akadhani ni vumbi. Akaosha macho kwa maziwa, kwa chai, kwa dawa ya Mmanga. Njia anazijua kwa magurudumu, akawa anaendesha kwa kukumbuka. Kisha safari ya mwisho, akitokea Masumbwe, jua linazama, karibu na Bugarama, aliona kichaka pembeni mwa njia. Kichaka kikapiga kelele. Alikuwa mama na mzigo wa kuni kichwani. Madigadi ilimchana nguo yake, mwili haikuugusa. Yule mama hata hakumtukana, alikaa chini tu akatetemeka, na kuni zimetawanyika.

"Tangu siku hiyo sitaki kukaa," Akida akasema. "Nikikaa nasikia kile kichaka. Nikizunguka bandani nasema nitaiuza. Nikiishika nasema naua nini, naua kitu kilichotulisha, kilichokupa wewe jina? Dresa wa zahanati anasema wakikomaa wanaweza kutolewa, hospitali kubwa, na nisiwe na uhakika nitatoka na macho mangapi. Ningekuambia, ungesema niuze, basi ingekuwa umeiuza wewe. Nilitaka dhambi hiyo iwe yangu."

"Ningekuambia uiuze," dada akasema.

"Najua."

"Siku ile ile. Nisingengoja hata chai."

"Najua, Mama Tausi."

Dada akaachia usukani. Alishuka polepole, kwa sababu kanga zilimnasa kwenye breki ya mkono, na Akida alinyoosha mkono kumsaidia akaunyoosha palipo patupu. Dada akaufuata mkono ule mpaka alipoushika. Akamwita Stanslaus.

"Njoo, mwanangu. Ichukue leo hii. Ukiondoka bila hiyo, kesho tutakuwa tumeghairi tena, na kuna watu wanatembea njiani na kuni."

Stanslaus alitoa mfuko kifuani, akampa Akida kwa mikono miwili. Akida akampa dada bila kuufungua. Kisha akamwonyesha kijana hendeli, namna ya kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, isije ikamvunja. Akamwambia mlima wa Kahama asiupande kwa pupa. Akamwambia akisikia injini inakohoa asiogope, bali ikinyamaza ghafla aogope. Alizungumza naye kwa kirefu, mkono wake mmoja ukiwa juu ya boneti, na Stanslaus aliitikia kila neno, "Ndiyo, mzee." Mabula alisukuma kwa nyuma kuitoa bandani, na nadhani hata hapo alikuwa bado anajilaumu.

Kijana alipokwisha panda akainama nje. Alitaka kuwafurahisha, nilimwona.

"Mama, nimesikia gari hili linaitwa Tausi. Nikifika Buseresere nitamwita mchora rangi aliandike jina hilo ubavuni, herufi kubwa. Geita nzima italijua."

"Hapana," dada akasema.

Stanslaus akadhani hakusikia vizuri.

"Andika jina lako, andika la mama yako, andika utakalo. Hilo usiandike. Mume wangu amekuuzia motakaa. Jina hatukukuuzia. Lina wenyewe, na wenyewe ndio sisi."

Kijana alimtazama, halafu akamtazama Akida aliyesimama kando yake. Alikuwa na akili, namsifu kwa hilo. Akainua kofia. "Nimekusikia, Mama Tausi. Kwaheri, Baba Tausi."

Injini ikanguruma. Motakaa ile isiyo na jina ikatoka kwenye ua wa dada yangu, ikayumba kidogo, ikanyooka, ikaingia njia kuu. Nilikuwa nimejiapiza sitalia kwa ajili ya bati, na machozi hayakuniuliza. Mabula alifungua mbuzi wake, akasita, akamfunga tena pale pale, akaondoka kimya kimya.

Wale wawili walibaki wamesimama njiani, mkono wa dada chini ya kiwiko cha mumewe. Akida alikuwa amenyoosha shingo.

"Imefika wapi?"

"Inapita kwenye duka la Mhindi," dada akasema. "Ametoa mkono, anawapungia watu."

"Haendi kwa pupa?"

"Haendi kwa pupa."

Tukasimama. Vumbi lilikuwa jekundu, likanyanyuka juu ya mapaa, likaanza kushuka. Mtu akapita na baiskeli. Mbuzi wa jirani wakavuka njia. Mlio wa injini ulikwisha kupotea kitambo, na masikio ya Akida hayakuwa na ugonjwa wowote, alisikia kama sisi. Lakini aliuliza.

"Bado inaonekana?"

Mimi nilikuwa nyuma yao, na macho yangu ni mazima. Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho wake. Na dada yangu, ambaye tangu utoto wetu sijapata kumsikia akisema uongo hata wa kumfurahisha mgeni, aliitazama njia ile tupu kwa muda mrefu, akamwambia, "Bado, Baba Tausi. Sasa ndiyo inakata kona."